Kliniki ya uzito na lishe ya vijana hapa Tanga, nimeenda na binti yangu mara tatu

Jamani habari zenu. Hili jambo niko nalo moyoni tangu mwezi wa tatu, leo nimefunika mashine mapema nikasema niandike tu, maana najua wapo wamama wengi hapa Tanga wana watoto kama wangu na wanahangaika kimya kimya kama nlivyokua nahangaika mimi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani. Binti yangu ana miaka 14, kidato cha pili. Mwaka jana peke yake sketi yake ya shule nimeifumua mara tatu. Fundi yeyote anajua, mtoto wa umri huo ukimshonea unaacha pindo refu chini sababu atarefuka, ila kwa huyu pindo lilibaki palepale, kila muhula nafumua kiunoni. Mwisho kitambaa cha akiba kikaisha nikaongeza kipande pembeni, na kile kipande kilikua hakijapauka kama sketi yenyewe kwahiyo kinaonekana kabisa. Akawa anaenda shule amefunga sweta kiunoni na joto lote hili. Pale ndo nlijua mtoto anaumia.

Kila mtu ana lake. Mama mkwe wangu anafurahi, anasema mjukuu wake kanawiri. Wenzie shuleni wanamuita kibonge. Na mimi mamaake, nasema ukweli wangu, nlikua namuita mlafi. Sio mbele za watu, humu ndani. Umekula wali sahani nzima saa mbili, saa nne unafunua hotpoti, we mtoto tumbo lako halijui kutosheka? Nikawa naficha mkate wa ajemi kabatini nafunga na kufuli. Anaamka usiku analia njaa, njaa kweli sio uongo, na mimi nalala na hasira.

Na ile shingo. Kwa nyuma ilikua nyeusi, ngozi nzito kama ya kiwiko, kwapani hivohivo. Mi nkajua haogi vizuri. Kila Jumapili namkalisha kwenye kigoda namsugua na dodoki na ndimu mpaka inachubuka, analia, kesho yake nyeusi vilevile. Ntarudi kwenye shingo maana hapo ndo palinimaliza.

Kabla ya kufika hii kliniki nlipita sehemu nyingine nikapigwa, jina silitaji. Wanapima "mwili mzima" kwa kamashine kadogo kanachomekwa kwenye kompyuta, mtoto anashika kichuma mkononi dakika moja tu printa inatoa makaratasi kumi na kitu, ini, figo, homoni, mafuta kwenye damu, kila kitu kimo na hawajatoa hata tone la damu. Wakaniambia homoni zake za kushiba zimevurugika, mwili una sumu, nikauziwa majani ya chai na vidonge, laki moja na elfu sitini. Mtoto kaharisha wiki mbili. Kaka yangu anafanya kazi maabara huko Muheza, nlivyomuonyesha yale makaratasi alinyamaza muda mrefu afu akasema dada, homoni iko kwenye damu, mtu hapimwi homoni kwa kushika chuma. Ndo yeye aliyenielekeza hapa ninapopaandikia.

Sasa kliniki yenyewe. Ni ya watoto na vijana, iko kwenye hospitali moja binafsi hapa mjini, Jumamosi asubuhi tu. Wenyewe wameniomba nisiwataje maana wanachukua watu kumi na mbili kwa siku na tayari wanazidiwa, anayehitaji kweli aje inboksi. Kumuona daktari elfu ishirini na afisa lishe yumo humohumo, hulipi tena. Bima yetu haikupita nikalipa keshi.

Jambo la kwanza lililonipa imani ni futi. Mi nashika futi kila siku ya Mungu najua mtu anayepima na mtu anayebabaisha. Hawakupima kiuno juu ya nguo, waliinua blauzi, wakatafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, futi ikakaa katikati ya hapo, wakamwambia atoe pumzi taratibu ndo wakasoma. Urefu bila viatu, visigino vimegusa ukuta. Afu afisa lishe, mama mtu mzima wa Kidigo ukimsikia tu anavyoongea unajua, akachukua uzi, akampima mtoto kuanzia utosini mpaka kisiginoni, akaukata akaukunja katikati akampa, "haya mjukuu wangu, zungusha kiunoni." Ncha hazikukutana. Zilibakisha sentimita nane, nlipima mwenyewe. Akasema kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, basi, na hicho kipimo hakitaki umeme wala hela, nendeni mkawapime na wa nyumbani. Nlivyorudi nikajipima na mimi.

Daktari ni dada wa makamo, daktari wa watoto. Alitoa chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, ya kuanzia miaka 5 mpaka 19, akanionyesha kwamba mtoto hahukumiwi kwa zile namba za BMI za 25 na 30 tunazosikia, yani uzito ukilinganishwa na urefu, zile ni za watu wazima, mtoto anaangaliwa na umri wake na jinsia yake. Binti yangu alikua na kilo 78, urefu sentimita 157. Kwenye ile chati alikua ameshavuka mstari wa unene uliopitiliza.

Nlikua nasubiri kugombezwa. Daktari akamgeukia mtoto, akamuuliza, ukimaliza kula unajiskiaje? Mtoto akaniangalia mimi kwanza. Afu akasema kwa sauti ndogo, naskia kama sijala. Daktari akasema nakuamini.

Nakwambieni nlikosa pa kuweka macho.

Ndo akaanza kutuelezea, na alituelezea wote wawili sio mimi tu. Alisema mafuta ya mwilini watu wanadhani ni kama gunia la akiba limekaa tu stoo, kumbe ni kiungo kinafanya kazi na kinatoa homoni. Moja inaitwa lepitini, iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzie huko New York. Lepitini inatoka kwenye seli za mafuta inapanda mpaka ubongoni, sehemu inaitwa haipothalamasi, inapeleka habari kwamba akiba ipo, punguza kula. Mafuta yakiongezeka na lepitini inaongezeka. Mi nkauliza, sasa daktari kama ni ivo mwanangu si ndo angeshiba kuliko sisi wote? Akasema mama umeuliza swali lenyewe. Lepitini anayo tele, ubongo ndo hauisikii. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia cherehani. Akasema haya, mko mafundi wanne kibandani mashine zote zinalia, mteja kasimama mlangoni anapiga hodi, humsikii, je ina maana hajapiga hodi?

Na zile kelele za mashine ndo alikua anataka kunifikisha. Kwenye mwili kelele hizo zinaitwa inflamesheni, ni kama moto unaowaka ndani. Unajua kidonda kikivimba kikawa chekundu cha moto, ule ni mwili unajilinda, na ukipona unazimika. Sasa kuna nyingine ya chini chini, haiumi, haina homa, na haizimiki. Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi inatanuka mpaka damu haiifikii vizuri, zingine zinakufa, bas mwili unatuma seli nyeupe za kusafisha, zinaitwa makrofeji. Zinakuja kusafisha, kazi haiishi, zinabaki hukohuko zinamwaga kemikali. Kaka yangu baadae jioni kwenye simu akaniongezea maana yeye haya mambo anayapenda, akasema mwaka 1993 ndo waligundua mafuta ya panya wanene yanatoa kemikali inaitwa TNF-alfa na hiyo inazuia insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, isifanye kazi yake, na mwaka 2003 ndo ikaonekana kwamba ndani ya mafuta ya mtu mnene zimejaa hizo makrofeji. Nyingine inaitwa interlukini-6, hiyo inaenda mpaka kwenye ini, ini linatengeneza protini ya CRP, ndo ile wanayoipima maabara kujua kama kuna moto mwilini.

Afu kuna kitu alisema kaka kilinikosesha usingizi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliona CRP inaikamata lepitini kwenye damu, na kwa panya ikawa lepitini imekamatwa haifanyi kazi yake ubongoni. Kwa binadamu hiyo bado sio sababu pekee na wanasema zipo njia nyingine nyingi, ila wewe angalia mduara wenyewe. Mafuta yanazidi, yanawasha moto, moto unazima sauti ya kushiba, mtoto anaskia njaa, anakula, mafuta yanazidi. Na homoni nyingine ya mafuta inaitwa adiponektini, hiyo ni ya kupoza moto na kuisaidia insulini, yenyewe mafuta yakizidi inapungua badala ya kuongezeka. Yani wakati unaihitaji ndo inaondoka. Na mimi niko hapo na kufuli la kabati.

Nlikua nadhani haya ni ya watu wazima wenye vitambi. Daktari akasema hapana, mwaka 2001 ulitoka utafiti wa watoto wa Marekani wa miaka 8 mpaka 16, wenye uzito mkubwa walikua na CRP ya juu mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hata wakiondolewa wale wenye magonjwa. Wengine humo ni wa umri wa darasa la pili.

Haya shingo. Daktari alimwambia ageuke aangalie mgongo, akainua nywele, akanyamaza kidogo, akauliza taratibu, hapa mnapasugua? Nikasema ndio, kwa dodoki. Akasema mama, sio uchafu. Ni insulini. Mwili ukiwa hauisikii insulini vizuri kongosho linatoa nyingi zaidi, na ile nyingi ikiwa kwenye damu inazifanya seli za ngozi ziote kwa wingi, ngozi inakua nzito na nyeusi shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Ina jina lake, akantosisi nigrikansi. Haitoki kwa kusugua, inapungua insulini ikishuka. Mtoto alikua ananiangalia, machozi yamemlenga. Miaka miwili nimemsugua. Nlimuomba msamaha palepale mbele ya daktari, na kama kuna mzazi anasoma hapa na ana mtoto mwenye shingo ya hivyo, tafadhali weka dodoki chini umpeleke akapimwe sukari.

Sasa vipimo, na hapa ndo wamenifanya niandike kwa moyo mweupe. Nlienda na laki mbili mkononi nimejiandaa, nikamwambia daktari mpime hizo homoni zote, lepitini, hiyo CRP, kila kitu. Akakataa. Kwanza lepitini kwa mtoto kama huyu itakuja juu tu, inajulikana, haibadilishi matibabu hata kidogo. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa hawana lepitini kabisa, kule Cambridge Uingereza mwaka 1997 Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly na wenzao walieleza habari za watoto wawili wa ndugu, mmoja ana miaka 8 na kilo 86, mwingine miaka 2 na kilo 29, mtoto wa miaka miwili jamani. Kuna binti wa miaka 9 alikua na kilo 94, akachomwa sindano za lepitini, mwaka mmoja kapungua kilo 16, njaa ile ikaisha. Ndo maana daktari alikua ameniuliza sana mwanangu alivyokua mchanga alikula vipi, alianza kunenepa lini. Wale wanaanza tangu wachanga. Wangu alianza darasa la sita.

Pili CRP. Mtoto siku ile alikua na tonsesi, kooni kumevimba. Daktari akasema tukipima leo itakuja juu sababu ya koo, ntakuambia nini? Malaria inapandisha, UTI inapandisha, jipu linapandisha, hata fizi zikiwa zinaoza. Sisi wa Tanga hapa na mbu wetu, CRP ya siku moja ukiambiwa ni ya mafuta uliza maswali. Akasema tibu koo, rudini baada ya wiki tatu, afu mtoto aje hajala tangu usiku. Wamekataa hela yangu mbele ya macho yangu, mimi niliyetoka kuuziwa majani ya laki na sitini.

Tuliporudi wakapima sukari, ile HbA1c inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, mafuta kwenye damu, ini, na CRP moja. Jumla elfu sabini na tano. HbA1c ilikuja 5.8, na kuanzia 5.7 mpaka 6.4 wanahesabu kwamba unaelekea kwenye kisukari ila hujafika. CRP 4.6 na koo lilikua limeshapona. Daktari akasema hii CRP ni picha moja tu, kazi tunayoenda kuifanya ingekua ileile hata ingekuja 2.

Na kazi yenyewe, nlitegemea watampa dayati. Hawakumpa. Yule mama wa Kidigo akasema mjukuu wangu huyu bado anarefuka, hatuukimbizi uzito, tunausimamisha afu tunauachia urefu uukute. Ukimkatia mtoto chakula ghafla lepitini inaporomoka haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua, siku chache tu, ubongo unaona njaa imeingia nchini, ataiba hata unga. Na msichana wa miaka 14 lepitini ndo inayouambia mwili kwamba akiba inatosha kuvunja ungo na kuendelea na siku zake, ukimkondesha kwa nguvu siku zinakata. Umri huu wasichana wanaongezeka mafuta kwa maumbile na hata mwili unakua mzito kidogo kuisikia insulini kwa kila kijana anayebalehe, ndo maana wa kwetu waliokua tayari juu wanatumbukia. Akasema pia utoto na ujana ndo wakati idadi ya seli za mafuta inajengwa, watafiti wa Sweden mwaka 2008 walionyesha kwamba ukishakua mtu mzima idadi inakaa palepale, zinakufa zinazaliwa nyingine kama asilimia kumi kwa mwaka ila jumla haipungui hata ukikonda. Kwahiyo kumsubiri mtoto "atapungua akikua" kuna gharama yake.

Cha kwanza alichouliza hakikua chakula. Aliuliza analala saa ngapi. Mimi nikasema saa tatu. Mtoto akasema saa saba. Nlishtuka. Kumbe akiingia chumbani ni simu mpaka saa saba usiku, na saa kumi na moja anaamka kujiandaa shule. Masaa manne. Akatutajia utafiti wa Chicago wa 2004, vijana 12 wazima wa afya, wakalazwa masaa manne kwa siku mbili na wakati mwingine masaa kumi, wakilala manne lepitini imeshuka asilimia 18 na grelini imepanda asilimia 28. Grelini ndo homoni ya njaa, inatoka tumboni, Wajapani waliigundua 1999. Usiku mbili tu jamani na hao ni wazima, wangu ana miaka miwili na ile simu. Kijana wa umri huu anatakiwa masaa 8 mpaka 10. Nikakumbuka Ramadhani iliyopita, analala saa saba anaamshwa daku, mchana kutwa kichwa kinamuuma, magharibi anakula magimbi na tambi na bajia kama anakimbizwa, na mwezi ulivyoisha alikua ameongezeka. Nlikua nashangaa mtu anafunga vipi ananenepa.

Simu saiv inalala kwangu kuanzia saa tatu na nusu. Wiki ya kwanza ilikua vita. Simlaumu.

Chakula hawakutubadilishia chakula chetu na hilo limenifurahisha maana nlishaona makaratasi ya dayati yana vitu hata sokoni Ngamiani ukiuliza wanakushangaa. Mbaazi zibaki, nazi tui jepesi, mahamri mawili badala ya matano na sio kila siku. Kunde, choroko, mchicha, vibua na dagaa, samaki wa mafuta mazuri hao na ni wa bei yetu. Chungwa ulile lenyewe na nyama zake usikamue. Soda ndo wamekomaa nayo, chupa moja ya mililita 350 nyingi zina sukari gramu 35 mpaka 40, karibu vijiko tisa vya chai, na mwanangu alikua anakunywa mbili kwa siku, moja shule moja dukani kwa jirani. Hiyo tumeacha kabisa nyumba nzima, hata mimi na babaake, maana walituambia wazi kwamba mtoto hawezi kutibiwa peke yake kwenye nyumba ambayo wengine wanakunywa.

Na mazoezi saa moja kila siku, ambayo kwa mji huu wa baiskeli sio jambo la kutafuta mwalimu. Ya babaake ilikua imelala uani, nimepeleka kwa fundi, elfu kumi na mbili. Jioni anaendesha mpaka Raskazone anarudi, mwanzo alikua anaona aibu anatoka jua likishazama, saiv anatoka saa kumi na moja na rafiki yake. Daktari anasema mazoezi yanapunguza mafuta ya tumboni na ule moto hata kama mizani haijasogea.

Mabaya sasa, maana nayo yapo. Tumeambiwa saa mbili tumeingia saa tano kasoro. Fomu ya kujaza ni ya kiingereza tupu, bibi mmoja pale alimleta mjukuu akawa anazunguka kuomba watu wamsomee, mtu mzima anaulizia watu asiowajua mambo ya mjukuu wake, sio sawa. Hamna mtu anakupigia kukumbusha tarehe. Na kwa watoto wa kiume sijaona kama wana mpango, tumekuta mmoja tu mara zote tatu, na wenyewe wanajua wapo wengi nyumbani.

Ila kubwa lililoniuma ni mizani. Iko koridoni, palepale watu walipokaa kwenye mabenchi, na nesi anayeandika amekaa mezani mbali kidogo, kwahiyo aliyepo kwenye mizani anamtajia kwa sauti. Kilo sabini na nane! Koridoni kote. Mtoto wa miaka 14 ambaye anafunga sweta kiunoni. Wakati daktari ndani ana maneno ya upole kiasi kile, nje huku mtoto kashavunjwa moyo kabla hajaingia. Aliniambia njiani, mama sitaki kurudi. Tulirudi sababu daktari alisema anamuamini, hilo tu. Mara ya pili nikamfata nesi pembeni nikamwambia, dada yangu samahani, huduma yenu nzuri ila ile sauti inatuumizia watoto. Hakubisha, alisema hajawahi kuliwaza hivyo.

Tumeenda mara ya tatu mwezi huu wa saba. Kilo 77, imeshuka moja tu, mama mkwe kasema hela imeliwa bure. Lakini urefu sasa 159, kiuno kilikua 86 na nusu sasa 82, ule uzi ulikua unabakisha sentimita nane sasa hivi mbili na nusu. HbA1c 5.6. Shingo bado nyeusi ila laini, ukipitisha mkono unaskia. Na usiku halii tena, sijui ni lini hasa kilio kilikoma, nlikuja kugundua tu kwamba kufuli la kabati sijalifunga siku nyingi na mkate upo.

Na pale koridoni wametundika kitenge mbele ya mizani, kimefungwa na kamba ya katani huku na huku, nesi kasogeza meza yake ndani, namba anaandika mwenyewe kimya. Kile kitenge hakijakunjwa pindo, kinachanika nyuzi. Nimewaambia Jumamosi ijayo nakifata nikakishone.